Je, Wajua? Chakula cha Macho Kwenye Sinia la Sikukuu

Je, wajua kwamba macho ya mtoto wako ya mwezi Julai yanaweza kuwa yanalishwa sasa hivi, Desemba, chini ya mwembe? Vitamini A, ambayo macho huitegemea kuliko vitamini nyingine yoyote, haitumiki yote siku inapoliwa. Ini huiweka akiba na kuitoa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo msimu wa maembe, ambao huku Pwani hushamiri kati ya Novemba na Februari, ndio wakati wa kuweka akiba hiyo.

Zegereni, upande wa Kibaha, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Watu wengi wanaijua kwa viwanda vyake, lakini ukisogea kidogo nje ya maeneo ya viwanda unakutana na mihogo, mikorosho, mipapai na miembe, na ukielekea Kisarawe mambo ni hayo hayo. Sikukuu zinapokaribia, pesa ya nyumba inakwenda kwenye mchele, nyama, mafuta na kreti la soda. Mchicha na papai havihesabiwi kuwa chakula cha sikukuu, iwe Krismasi, Mwaka Mpya au Idi. Hapo ndipo ninapopinga. Ukiuliza jicho linataka nini, karibu kila kitu kimeota nyuma ya nyumba au kinauzwa gengeni kwa mafungu, na sisi ndio tunaokiondoa mezani siku ambayo tumejipanga kula vizuri kuliko siku zote.

Kwanza tuone vitamini hiyo inafanya kazi gani. Ndani kabisa ya jicho, kwenye retina, kuna kitu kinachoitwa rodopsini. Mwanga hafifu ukikigusa huvunjika, na kule kuvunjika ndiko kunakopeleka habari kwenye ubongo. Ili kijengwe upya, vitamini A lazima iwepo. Mmarekani George Wald aliikuta vitamini hiyo ndani ya retina mwaka 1933, akiwa bado kijana anayefanya utafiti Ujerumani, na mwaka 1967 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wanasayansi wenzake wawili wa mambo ya macho.

Vitamini ikipungua, dalili ya kwanza hujitokeza magharibi. Mtoto aliyecheza vizuri mchana kutwa anaanza kujikwaa kwenye vigoda, anapapasa kutafuta sahani, anabaki ameketi barazani wenzake wakikimbizana kizani. Wengi humwona mwoga au mvivu. Hali ikiachwa, jicho hukauka, sehemu ya mbele iliyo angavu kama kioo hupata vidonda, na upofu unaofuata hapo mara nyingi haurudi nyuma.

Je, wajua kwamba Wamisri wa kale walijua habari za maini na macho? Maandishi yao ya tiba yanayoitwa Papirasi ya Ebers, ya takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanaelekeza ini la ng'ombe litumike kwa mgonjwa wa macho. Wao waliliweka juu ya jicho lenyewe. Njia ya tumbo ni bora zaidi: gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe zina takriban mikrogramu 5,000 za vitamini A, wakati mwanamume anahitaji 900 kwa siku, mwanamke 700, na mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji 300 tu. Sasa angalia kinachotokea siku ya kuchinja. Maini ndiyo ya kwanza kutoka, yanachomwa hapo hapo, na yanaliwa na wanaume waliomshika mnyama kabla nyama haijafika jikoni. Vipande viwili vitatu vikifichwa kwa ajili ya watoto, hakuna atakayelala njaa. Mama mjamzito tu ndiye asiyapapie, kwa sababu vitamini A ya aina hiyo ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Wasiochinja wasisikitike. Mimea haina vitamini A yenyewe, ila ina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ndiyo inayotia rangi ya machungwa kwenye embe, boga, papai na karoti, na imo kwa wingi pia kwenye matembele, mchicha na kisamvu, ingawa huko rangi ya kijani inaifunika. Tatizo la karotini ni kwamba haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walichapisha matokeo ya watu waliokula saladi ya mboga mbichi: waliokula bila mafuta kabisa karibu hawakufyonza karotini yoyote, na walioongezewa mafuta walifyonza vizuri. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu inapita tumboni na sehemu kubwa ya utajiri wake.

Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba jiko la Pwani lilifika mapema. Mwangalie bibi wa Kisarawe anavyoandaa kisamvu. Anachuma majani machanga ya juu, anayatia kwenye kinu na punje chache za kitunguu saumu, anatwanga mpaka yanakuwa laini na kutoa maji ya kijani. Kutwanga huko kunafanya kazi mbili kwa mpigo. Kunapasua seli za jani, karotini iliyofungiwa ndani ipate kutoka; na kunaiachia sumu ya asili ya muhogo, ile jamii ya sianidi, iondoke wakati wa kuchemsha. Kisha kisamvu kinainjikwa na kuchemka muda mrefu, sufuria wazi, mpaka harufu ya ubichi iishe. Nazi inakunwa kwenye mbuzi, linakamuliwa tui jepesi la kuivishia, na tui zito linawekwa mwishoni, likichemka kidogo tu linaepuliwa. Wengine hutia karanga zilizopondwa. Mafuta ya tui au ya karanga ndiyo yanayoichukua karotini na kuiingiza mwilini. Hakuna aliyemfundisha bibi huyo somo la karotini, na hakuna mtaalamu wa lishe atakayelirekebisha pishi lake, labda amshauri apunguze chumvi.

Mafuta yenyewe hayahitajiki mengi. Kijiko kimoja cha chai kwa mlaji kinatosha, au tui la kawaida la kuungia mboga. Kwa hiyo kachumbari ya karoti na nyanya ikiliwa na pilau inafaidisha, maana pilau ina mafuta yake. Futari ya boga iliyoungwa kwa nazi, ambayo nyumba nyingi huikumbuka Ramadhani tu na kuisahau miezi mingine kumi na moja, ni chakula cha macho kilichokamilika kwenye bakuli moja.

Kibaha pia kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI, kinachojulikana kwa utafiti wa miwa na mazao ya mizizi, na hapo tufike kwenye viazi lishe, vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Kiazi cheupe tulichokizoea karibu hakina karotini. Cha machungwa kina nyingi kiasi kwamba gramu 100 zilizochemshwa, yaani kiazi kidogo cha kushikwa kiganjani, zinampa mtoto mdogo zaidi ya mahitaji yake ya siku nzima. Nchini Afrika Kusini watoto wa shule walipewa gramu 125 za kiazi hicho kila siku ya masomo kwa siku 53, na akiba yao ya vitamini A ikapanda kuliko ya wenzao waliopewa kiazi cheupe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa wanasayansi wanne waliopigania mazao ya namna hii, mmoja wao Robert Mwanga wa Uganda, aliyezalisha mbegu za viazi hivyo. Ukivichemsha, vichemshe na maganda na ufunike sufuria, karotini nyingi itabaki. Asubuhi ya sikukuu, pembeni ya chai, vinashinda mkate mweupe mbali sana.

Na karoti? Je, wajua kwamba sifa zake zilikuzwa na vita? Mwaka 1940 rubani Mwingereza John Cunningham, aliyebandikwa jina la Macho ya Paka, alikuwa akizitungua ndege za Wajerumani usiku. Serikali ya Uingereza ilieneza habari kwamba marubani wake wanakula karoti nyingi, huku ikikificha chombo cha rada kilichofungwa ndani ya ndege. Karoti ni nzuri kwa aliyepungukiwa vitamini A. Aliye na vitamini ya kutosha hataona zaidi hata akila gunia.

Akila nyingi mno atakuwa wa njano. Nchini Zambia watafiti wameandika juu ya watoto waliokuwa tayari na akiba kubwa ya vitamini A, ambao ngozi zao ziligeuka njano msimu wa maembe ulipofika. Hali hiyo haidhuru, huisha yenyewe. Mzazi aangalie weupe wa macho: ukibaki mweupe wakati viganja vimekuwa vya njano, ni karotini, macho yenyewe yakiwa ya njano, hiyo ni dalili ya ugonjwa na inabidi aende hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa niseme la Tanzania ambalo nadhani kila mzazi anapaswa kulijua. Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, ilihusika katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987 juu ya watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto 88 waliongezewa vitamini A ya kumeza, 92 walipata matibabu ya kawaida ya wakati ule. Katika kundi la kwanza walikufa 6, katika la pili 12. Surua huimaliza vitamini A mwilini kwa kasi, na katika miaka hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za watoto wa Tanzania kupofuka, pamoja na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Leo mtoto mwenye surua hupewa vitamini A kama sehemu ya tiba duniani kote, na ushahidi wa mapema wa jambo hilo ulitoka kwenye wodi zetu wenyewe.

Si vitamini A peke yake. Je, wajua kwamba jirani kabisa na Kibaha, jijini Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1988 madaktari walianza kupokea vijana waliopoteza uoni wa katikati kwenye macho yote mawili? Walikuwa wanaona pembeni, lakini uso wa mtu aliye mbele yao au maandishi ya kitabu yanafifia, na rangi zinapauka. Baadhi yao walilalamika miguu kuwaka moto. Mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo ndio uliokuwa umeathirika, na habari zao ziliandikwa katika majarida ya kitabibu ya kimataifa mwaka 1997 na 1998. Chanzo kimoja hakikuthibitishwa. Upungufu wa vitamini za kundi B ni miongoni mwa yaliyotiliwa shaka. Kuba ilipatwa na janga linalofanana na hilo kati ya mwaka 1991 na 1993, watu wapatao 50,000 wakaugua wakati wa dhiki kubwa ya chakula, na serikali ilipowagawia wananchi wote vidonge vya vitamini B, wagonjwa wapya wakapungua.

Hilo nalitaja kwa sababu ya namna vijana wetu wanavyokula. Kijana anayefanya kazi kiwandani asubuhi anakunywa chai na andazi, mchana ugali na mchuzi, jioni chipsi kavu. Mwezi unaisha hajagusa maharage wala samaki. Folate, mojawapo ya vitamini za kundi B, iko kwenye maharage, kunde, mchicha na machungwa. Vitamini B12 haiko kwenye mimea; iko kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa na dagaa. Muhogo nao, ambao ndio mhimili wa Pwani, unahitaji kitoweo chenye protini, kwa kuwa mwili hutumia protini kuisafisha sianidi inayobaki kwenye muhogo usioandaliwa vizuri. Sikukuu ndiyo nafasi ya kijana huyo kula kitoweo cha kweli, na nyumba yenye uwezo imkaribishe.

Tukiwa kwenye dagaa: tunapowachambua, tunanyofoa vichwa na matumbo kwa sababu ni machungu. Bangladesh wana samaki mdogo aitwaye mola, na wanasayansi walipompima walikuta vitamini A nyingi imejaa kwenye macho yake na matumbo. Kwa dagaa waliokaushwa juani sehemu ya vitamini hiyo hupotea, lakini B12 na madini ya chokaa hubaki. Ukipata samaki wadogo wabichi, wapike wazima.

Korosho za Pwani nazo zina zinki, na ini haliwezi kuitoa akiba ya vitamini A kwenda machoni bila zinki ya kutosha. Bibo la mkorosho, ambalo tunaliacha lioze chini ya mti au linakwenda kuchachushwa, lina vitamini C inayozidi ya chungwa mara kadhaa. Kiini cha yai nacho kina luteini, rangi inayokusanyika katikati ya retina na kuilinda dhidi ya mwanga mkali. Mwili hauwezi kuitengeneza, ni lazima iliwe. Mboga za majani zinayo pia, tena nyingi.

Je, wajua kwamba soda za sikukuu zinaweza kuufanya uoni wa mwenye kisukari uwe na ukungu ndani ya siku chache? Chupa moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vinane au tisa vya chai. Kwa mwenye kisukari, sukari ya damu ikipanda sana lenzi ya jicho huvuta maji, umbo lake linabadilika, na vitu vya mbali vinakuwa na ukungu. Ikishuka, lenzi hurudi. Ndiyo sababu mtaalamu wa macho mwenye busara hampimii miwani mtu ambaye sukari yake inayumba. Miwani ya Januari haitamfaa Machi. Huo ni upande wa muda mfupi. Kisukari kinachoachwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina polepole, bila maumivu, na mtu anakuja kushtuka upofu ukiwa mlangoni. Babu au shangazi mwenye kisukari asiletewe soda kwa heshima. Heshima ni maji, madafu kwa kiasi, na sahani yenye mboga nusu nzima.

Kuhusu pombe za kienyeji zisizojulikana zilikopikwa, neno langu ni fupi. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, na kiasi kidogo kinaweza kupofusha. Mei 2014 nchini Kenya, makumi ya watu walikufa kwa pombe ya namna hiyo na wengine wakapoteza macho. Mwenye methanoli mwilini mara nyingi anaamka anaona ukungu mweupe na kudhani ni uchovu wa kunywa. Akimbizwe hospitali, kila saa ina maana.

Mwisho, jambo la kufanya wiki hii. Kila mwaka Juni na Desemba huwa ni mwezi wa afya na lishe ya mtoto nchini, na watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A bila malipo, kutoka kidonge cha buluu kwa walio chini ya mwaka mmoja, chekundu kwa waliotimiza mwaka na kuendelea. Desemba ndio mwezi familia zinasafiri, na wengi wanakosa kwa sababu mtoto yuko safarini. Ukimpeleka mtoto kwa bibi yake Zegereni, Maneromango au kwingine kokote, tia kadi yake ya kliniki kwenye begi, na ukifika ulizia matone kwenye zahanati iliyo jirani.